Neti ya pembe nne yenye dawa, futi 6 kwa 6: maoni ya mwalimu wa kujitolea, Misungwi

Kwanza bei, maana najua wengi mnaitafuta hiyo kabla ya mengine: sh 22,000, duka la vifaa vya nyumbani Mwanza mjini, jirani na Makoroboi. Muuzaji alianzia 30,000. Neti ni ya pembe nne, nyeupe, futi 6 kwa 6, uzi wa polista, na kwenye lebo yake kuna vitu viwili vya kuangalia kabla hujatoa hela: neno deltamethrin na herufi PBO. Herufi hizo nitazieleza mbele. Naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoikata imekwenda na kamba zake.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea. Chuo nimemaliza, ajira bado naisikilizia, na shule moja ya msingi wilayani Misungwi, upande wa ghuba, ilikuwa haina mwalimu wa sayansi. Wazazi wakachangishana posho ya kusukumia siku na madebe ya mahindi, nikaja. Kwetu ni Umalila, juu kule Mbeya, ambako mtu analala na mablanketi mawili na habari za mbu anazisikia redioni. Wadudu wa huku karibu wote nimekutana nao ukubwani.

Chumba nimepanga kwa Mama Kulwa. Ukuta wa tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna, na kati ya ukuta na bati kuna uwazi unaopitisha ngumi. Fundi aliuacha kwa ajili ya hewa. Hewa inapita kweli, na pamoja nayo wanapita popo, mijusi kafiri, mende wanaoruka, nyigu wanaojenga vijumba vya udongo, na panya mmoja ambaye nadhani alikuwepo kabla ya nyumba. Chini ya mlango kuna upenyo mwingine, huo ni wa vyura wakati wa masika. Kuku hawahitaji upenyo. Mlango ukiwa wazi wanaingia, na mmoja alishaamua kwamba chini ya kitanda changu ndipo pa kutagia. (Mayai tunagawana na Mama Kulwa. Hapo sina malalamiko.)

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama neti inazuia mbu, namjibu ndiyo, lakini hilo ni dogo. Kwangu neti ni chumba ndani ya chumba. Jioni nikishachomekea pindo chini ya godoro pande tatu, naingia kwa upande wa nne na madaftari ya darasa la sita, nasahihisha nimekaa wima, naongea na simu humohumo, na kuna siku nimekula ugali humohumo. Mama Kulwa alinichungulia dirishani akacheka.

"Mwalimu, humo unalala au umehamia?"

"Nimehamia, mama."

"Haya. Kodi ni ileile."

Kukaa wima ndiyo sababu ya kununua ya pembe nne. Mwalimu mwenzangu anayefundisha darasa la pili ana ile ya duara, yenye kibanio cha mviringo juu na maua kwenye ukingo. Ni nzuri kwa macho, na kuitundika ni rahisi: msumari mmoja, basi. Lakini kitambaa chake kinashuka kwa mteremko, kinakugusa goti, kiwiko, uso. Mbu hana haja ya kuingia ndani kama ngozi yako imeegemea tundu, anakung'atia palepale akiwa nje. Yake pia haina dawa. Asubuhi ukimwona viwiko vyake utajua.

Na chukua ya futi 6 kwa 6 hata kama kitanda chako ni cha 4 kwa 6. Kitambaa kinachobaki ndicho cha kuchomekea. Neti inayoning'inia bila kufika chini ya godoro ni pazia tu.

Sasa niwaeleze usiku wa wadudu wa ziwani, kwa sababu hakuna mtu wa Mbeya aliyeniambia kabla sijaja. Mchana unaona juu ya ziwa kitu kirefu kimesimama kama moshi wa meli, kinainama kufuata upepo. Si moshi. Ni wadudu wadogo, jamaa wa mbu, ambao wamekulia chini majini na kwenye matope ya ziwa na wote wanapanda siku moja kuja kujamiiana. Hutokea kwa wingi zaidi karibu na mwezi mwandamo. Hawang'ati. Hawana muda huo, maisha yao baada ya kutoka majini ni mafupi sana. Ila upepo ukiwaleta nchi kavu jioni, wanafuata taa, na wanaingia kwenye kila kitu: sikio, chai, mchuzi, pua. Siku hizo ndizo za giza, na za giza ndizo za dagaa, maana wavuvi wanakwenda na taa zao wakati hakuna mbalamwezi. Kwa hiyo kijiji kinakuwa na pesa na wadudu kwa wakati mmoja. Duka la pembeni linauza soda mpaka usiku huku mwenye duka akifagia kaunta kwa kiganja.

Neti inafanyaje kazi siku hizo? Vizuri kuliko nilivyotegemea. Neti za polista za aina hii huwa na matundu kama 156 kwa inchi moja ya mraba, na wadudu hao wengi hawapenyi. Siri ni taa. Usiingie nayo ndani. Mimi taa ya sola naitundika ukuta wa mbali, karibu na mlango, wote wanakwenda huko, na mwanga unaonifikia unatosha kusahihisha. Asubuhi juu ya neti kuna tabaka la kijivu linalobonyeza kitambaa kidogo katikati. Nakung'uta nje, kuku wanakuja mbio. Buibui wa kwenye kenchi wananenepa wiki nzima. Kwa usubi, wale wadogo kabisa wanaowasha, siwezi kuisifia neti. Wanapita.

Nyeupe nimeichagua kwa ajili ya mdudu mwingine kabisa. Kuna mwembamba mmoja, urefu haufiki sentimita moja, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa iliyoiva, halafu weusi, chungwa tena, weusi tena mkiani. Watu wanamwita Nairobi fly ingawa kuruka kwake ni kwa nadra, kazi yake kubwa ni kutembea haraka huku ameinua mkia kidogo. Haumi wala hachomi. Sumu iko mwilini mwake, na inakufikia ukimponda. Unamhisi shingoni usingizini, unampiga kofi, unaendelea kulala. Kesho yake shingo ina mstari mwekundu, keshokutwa mstari umekuwa malengelenge, na wanafunzi wanakuuliza mwalimu umeungua na nini. Darasa langu nilishalifundisha: usimpige, mpulize au mbebe kwa karatasi, na ukishamponda osha kwa sabuni na maji mengi mara hiyohiyo, usishike jicho. Anakuja zaidi baada ya mvua, na anafuata taa. Kwenye neti nyeupe anaonekana haraka hata kwa mwanga hafifu wa sola. Kwenye ya bluu, na madukani nyingi ni za bluu, unamtafuta. Kweli nyeupe inachafuka. Mjusi kafiri akiwa juu ya kenchi hachagui pa kujisaidia. Lakini afadhali uchafu ninaouona.

Dawa sasa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganywa, na wauzaji wengine wanadanganya bila kujua. Dawa ya kwenye neti nyingi, deltamethrin ikiwemo, ni ya jamii ya pairethroidi, ambayo ni nakala ya kiwandani ya sumu ya maua ya pareto. Pareto naijua vizuri. Kwetu Umalila tunailima, nimeichuma nikiwa mtoto, na vidole vilikuwa vinawasha. Sikujua kwamba nitakuja kulala ndani ya binamu yake. Tatizo ni kwamba mbu wa Kanda ya Ziwa wameizoea. Miili yao inatengeneza vimeng'enya vinavyoivunja sumu hiyo kabla haijawamaliza. Ndiyo kazi ya PBO, kifupi cha piperonyl butoxide: yenyewe haiui mbu, inavifunga vile vimeng'enya ili sumu ipate nafasi. Kwa hiyo neti yenye deltamethrin peke yake na neti yenye deltamethrin na PBO zinaweza kufanana rangi, uzi na bei, na zisiwe kitu kimoja.

Haya si maneno ya dukani. Muleba, ng'ambo ya ziwa mkoani Kagera, walifanya majaribio na matokeo yakatoka 2018: neti za PBO zilizishinda za kawaida. Halafu 2019 ikafika zamu ya wilaya hii hii ninayoishi. Vijiji 72 vya Misungwi viligawiwa neti za aina nne tofauti, na watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, Mwanza, chuo cha KCMC cha Moshi na wenzao wa London wakawafuatilia watoto. Majibu yalichapishwa 2022. Baada ya miaka miwili, kwenye neti za kawaida watoto 45.8 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye zile zilizochanganywa na dawa inayoitwa klorofenapiri walikuwa 25.6. Za PBO kufikia wakati huo hazikuwa zimeachana sana na za kawaida. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza hizo za klorofenapiri kwa maeneo yenye mbu sugu.

Kwa hiyo yangu, ya PBO, ni namba mbili, na nanunua nikijua hivyo. Ya klorofenapiri niliiulizia maduka kadhaa mjini, sikuipata. Kama kliniki au shule ya kwenu inagawa hizo, chukua, itundike, usiipeleke shambani. Na kuna jambo moja la kuwaambia wanaoipata: usihukumu kwa mizoga. Tumezoea kwamba neti nzuri asubuhi inaacha mbu wamekufa pembeni ya kitanda. Klorofenapiri haishambulii neva kama pairethroidi, inazuia mwili wa mbu kutengeneza nguvu, na mbu anaweza kuondoka anaruka vizuri akafie huko siku moja, mbili au tatu baadaye. Nimewasikia watu hapa kijijini wakisema zile neti za mradi zilikuwa hazina dawa kwa sababu hawakuona mbu waliokufa. Zilikuwa nayo.

Malalamiko yangu. Kamba: pakiti inakuja na vitanzi sita vifupi kama vidole na hakuna kamba hata moja. Kwenye nyumba yenye dari na ukuta wa saruji unaweza kusema sawa, utajitafutia. Huku ukuta wa tofali za kuchoma ukigongelea msumari unatoka na kipande cha tofali. Nilifunga kamba ya manila kwenye kenchi pembe zote nne, nikaacha kila moja iwe na urefu tofauti maana bati limeinama, ikakaa sawa. Mtengenezaji angeweka kamba ya mita nane kwenye pakiti, gharama ingeongezeka nini?

Joto, ndiyo, lipo. Januari na Februari kitambaa kinazuia upepo na unaamka shingo imelowa. Hakuna neti isiyofanya hivyo, ya uzi mzito wenye matundu makubwa inapitisha hewa kidogo zaidi ila na usubi nao wanaongezeka. Harufu ya siku ya kwanza inaondoka ukiianika kivulini siku nzima kabla ya kuitumia, na lebo inasema hivyohivyo. Nimeona watu wanaitoa kwenye pakiti na kuingia nayo kitandani usiku uleule, halafu uso unawawasha, wanasema neti mbaya.

Panya aliitoboa kwenye pindo. Polista ni laini, anaitaka kwa kiota chake. Neti za polithini ni ngumu zaidi na dawa yake imechanganywa ndani ya uzi wenyewe badala ya kupakwa juu, kama una panya wengi zifikirie hizo. Mimi nilishona kwa uzi wa kawaida na Mama Kulwa akanipa paka. Paka usimwache alale juu ya neti mpya, dawa za jamii hii hazipatani na paka.

Kunguni: neti haisaidii. Wako kwenye chaga za kitanda, wako ndani pamoja na wewe, na pairethroidi wamezizoea kama mbu walivyozizoea. Watu wengi wanaacha kulala kwenye neti kwa hasira ya kunguni, wakiamini neti ndiyo imewaleta. Maji ya moto kwenye chaga na godoro juani. Rudia. Tekenya nao wako sakafuni, kwa hao vaa viatu.

Siafu wanastahili maneno zaidi kidogo. Usiku mmoja wa mvua Mama Kulwa aligonga mlango. "Mwalimu, amka! Siafu!" Niliwasha tochi. Kwenye mguu wa kitanda kulikuwa na kamba nyeusi inayotembea, pana kama mkanda, imeshaingia kwenye pindo la neti na kuanza kupanda kwa nje. Hawakujali dawa. Tulitoka wote, mimi, Mama Kulwa, mapacha wake, kuku kwapani, tukakaa jikoni kwa Mzee jirani tukinywa chai ya rangi. Mama Kulwa hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniambia waache wafanye kazi. Kulipokucha walikuwa wameondoka, na chumbani hapakuwa na mende, hata mmoja, hapakuwa na kunguni tuliyemwona kwa siku nyingi, na yule panya hajarudi. Kwa huduma hiyo siafu wangestahili maoni yao peke yao. Tangu hapo miguu ya kitanda imesimama kwenye makopo yenye mafuta ya taa kidogo, na neti haigusi sakafu.

Viboko nawataja kwa sababu mwalimu yeyote anayekuja atauliza. Wanapanda usiku kula majani na matembele ya watu, na dirishani unasikia wanavyonyofoa, pole pole, bila haraka. Kiboko hana habari na PBO. Choo kiko nje. Ukishachomekea neti usiku, usitoke mpaka kuche, weka ndoo.

Kufua: neti za aina hii zimetengenezwa zihimili kufuliwa mara 20 hivi katika miaka 3, kwa hiyo usiifue kila Jumamosi. Sabuni ya kipande, si ya unga wala jiki, uianike kivulini. Na usiipeleke ziwani. Nimewaona wadogo zetu wakifua neti kwenye mwalo, povu linakwenda na mawimbi. Dawa hizi ni sumu kali kwa samaki na kwa vijidudu ambavyo samaki wanakula. Fulia kwenye beseni, maji uyamwage mbali na maji, kwenye shimo. Mama Kulwa neti zake zilizokufa anafunikia vifaranga mwewe asiwachukue, nyingine iko juu ya mchicha. Hapo sioni ubaya. Ya kuvulia dagaa ndiyo nimekataa kumpa kijana mmoja aliyeniomba, kwanza ni kosa, pili matundu 156 kwa inchi ya mraba hayamwachi hata mtoto wa samaki aliyezaliwa jana.

Mwezi ujao anakuja mwalimu mpya wa hesabu, naye wa kujitolea, anatoka Njombe. Alinipigia kuuliza abebe nini. Nimemwambia neti ya pembe nne, nyeupe, asome lebo mpaka aone PBO au klorofenapiri, kamba ya manila, sindano na uzi, makopo manne, na ndoo yenye mfuniko. Yote ameandika bila swali, ila ndoo akauliza ya nini wakati shule ina choo. Nimemwambia usiku wa kwanza kiboko atamjibu mwenyewe.